Pua ya Mama Margareth

Pale Malangali watu walikuwa wanasema pua ya Mama Margareth ingepelekwa mahakamani ingeshinda kesi. Alikuwa mpishi wa pombe ya ulezi, na si ya kuuza kwa vikombe kando ya barabara. Yeye alipikia harusi, ubatizo, matanga yakiisha. Wengine wanaonja kimea, ulezi uliochipuzwa na kuanikwa, wanatafuna punje, wanatema. Yeye alikuwa hatafuni. Alishika ungo kwa mikono miwili, akazamisha uso mzima kwenye kimea, akakaa humo kama anasali, kisha akatoka na unga kwenye kope na kusema neno moja. Ama aseme "Twende", ama aseme "Mwaga". Hakuna aliyewahi kumbishia.

Anjela, mke wa mwanawe Valerian, alikuwa ametoka Muze, kule chini kwenye joto, kwa wavuvi wa ziwani. Aliolewa akaletwa juu huku kwenye baridi, na hakuna aliyemfundisha kitu. Mama mkwe wake alikuwa si mtu wa kufundisha. Basi Anjela akawa anatazama. Mama Margareth akishaondoka na ungo kuwekwa chini, yeye anainama, ananusa kidogo, anasema neno lake moyoni. Mwanzoni alikuwa anakosea. Baadaye akawa anapata mara nyingi, na mwishowe akawa analisema neno moyoni kabla mama hajainua uso. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Mwezi wa sita upepo ulipoanza, ndipo Mama Margareth alipopata mafua. Walikuwa wanapepeta ulezi, vumbi limejaa hewani, baridi inakata masikio. Mafua yenyewe yaliisha, lakini pua ikabaki imeziba, usiku anakoroma kama gari bovu. Akamtuma Anjela duka la dawa.

Pale dukani alikuwepo Lucia, binti aliyesomea dawa, mwenye kuuliza maswali kabla hajafungua kabati.

"Ya nani? Yako wewe unayenyonyesha?"

"Ya mama mkwe, dada Lucia. Pua imeziba."

"Ana presha?"

"Hajawahi kupima."

"Mwambie aje nimpime, maana dawa hizi si rafiki wa watu wa presha." Akatoa kichupa kidogo cha matone. "Haya, sikiliza vizuri. Matone mawili kila tundu, asubuhi na jioni. Siku tatu. Zikizidi sana, tano. Baada ya hapo aache, hata kama dawa inamwita kwa jina. Chupa ni ya mtu mmoja, wasipokezane. Na mtoto wako asiguswe nayo kabisa, hii ni ya watu wazima."

Anjela alirudia maneno hayo njia nzima kama mtoto aliyetumwa chumvi na viberiti. Alipofika akayasema yote, hakuacha hata moja. Mama Margareth akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Lucia huyu huyu niliyemwona akitambaa? Ndiye ananipangia siku za kupumua?"

Lakini dawa ilifanya kazi, tusidanganyane. Usiku ule mama alilala kama mtoto aliyeshiba. Asubuhi alikuwa anazunguka uani anavuta hewa kwa kelele. "Inaingia mpaka kisogoni! Mama Jenifa, njoo usikie!" Jenifa ndiye alikuwa mtoto wa Anjela, wa miezi saba, na pale nyumbani Anjela aliitwa kwa jina hilo.

Siku za Lucia zikapita. Kichupa hakikuondoka kwenye pindo la kitenge cha Mama Margareth. Ikawa akitaka kupepeta, anainua uso juu kama kuku anayekunywa maji, tone, tone. Akitaka kwenda misa, tone, tone. Mwanzo dawa ilimshika kutwa nzima, baadaye nusu ya siku, halafu ikawa hata ugali hauivi kabla hajakitafuta tena. Na Anjela, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama, akaona kitu ambacho wengine hawakukiona. Mama alikuwa anapita jikoni maziwa yanaungua na hasemi kitu. Zamani angeanza kufoka akiwa bado getini.

Lucia alikataa kumuuzia tena. "Nilikupa cha kwanza, nikakupa cha pili kwa aibu. Sasa basi. Pua yake imeshaizoea. Dawa ndiyo inayoiziba sasa, si mafua. Mwambie aje mwenyewe, au aende hospitali."

Anjela alipopeleka ujumbe, mama alimtazama kwa muda mrefu. "Kwa hiyo umeenda kunisema dukani."

"Sikukusema, mama. Ni yeye aliyeuliza."

"Haya. Nina mtoto wa kuzaa mwenyewe."

Valerian alikuwa fundi pikipiki karibu na stendi, na stendi hakuna duka linalokuuliza maswali. Akawa anamletea mama yake vichupa viwili viwili mfukoni, kama mtu anayeleta pipi. Anjela alipomwambia alivyosema Lucia, alijibu huku anavua viatu, "Ni dawa ya pua tu, Anjela. Kwani anakunywa sumu?"

Kisha Jenifa naye akashikwa na mafua. Pua ndogo imejaa kamasi, anashindwa kunyonya, analia mpaka sauti inakatika. Anjela alitoka kuleta maji. Aliporudi alimkuta bibi amempakata mtoto, kichwa kimelazwa nyuma, kichupa kiko juu ya tundu la pua, tone linaning'inia tayari kudondoka. Anjela hakufikiri. Alimkamata mama mkwe wake mkono.

"Mama, hapana! Ya watu wazima hiyo! Mtoto anaweza kulala asiamke!"

Mama Margareth aliutazama mkono wake, mahali ulipokuwa umeshikwa, kama vile pamebaki alama.

"Umenishika mkono," alisema taratibu. "Mimi. Nimezaa sita, nimelea sita, na wewe umenishika mkono."

Valerian alitokea mlangoni. Hakuuliza kulikuwa na nini. "Piga magoti, omba msamaha." Anjela akamchukua mtoto, akapiga magoti naye kifuani, akaomba. Baadaye alichemsha maji, akatia chumvi kidogo, akayaacha yapoe, akamdondoshea mtoto kidogo kidogo na kumsafisha kamasi kwa kitambaa laini, kama nesi wa kliniki alivyowafundisha. Jenifa akapumua, akanyonya, akalala. Bibi aliona.

Sasa, harusi. Fortunata, binti wa mwisho wa Mama Margareth, alikuwa anaolewa mwezi wa nane na kijana wa Mwazye. Wakwe wa Mwazye ni wakulima wa ulezi, watu wanaojua pombe. Kwao, kupewa pombe mbaya na wazazi wa bibi harusi ni sawa na kuambiwa huyo binti mwenyewe hatukumtunza. Mama Margareth alikuwa ameahidi pombe ambayo wajukuu watakuja kusimuliwa.

Wakaloweka ulezi, ukachipua vizuri, wakautandaza uani uanikwe. Lakini wiki ile ukungu ulishuka kutoka milima ya Mbizi ukagoma kuondoka. Jua lilikuwa linachungulia tu na kurudi ndani. Anjela ndiye aliyekuwa anakigeuza kile kimea, na siku moja alipofikisha mkono chini kabisa, harufu ikamjia ya shuka lililosahauliwa kwenye beseni. Akanusa tena. Hakukuwa na shaka. Kilikuwa kimevunda.

Hakusema, maana kwa nini aseme na mwenye pua yupo? Siku ya kunusa wakaja wanawake wa jumuiya ya kanisani kusaidia. Mama Margareth akatia matone yake, akangoja kidogo, akashika ungo, akazamisha uso. Akakaa humo kuliko siku zote. Alipoutoa, Anjela aliyaona macho yake. Yalikuwa macho ya mtu aliyegonga mlango wa nyumba anayoijua na hakuna aliyeitika.

"Twende," alisema Mama Margareth.

Anjela akasogea kwenye ungo. "Mama, naomba unuse tena. Hapa chini. Naona kama kina ukungu."

Mmoja wa wanawake, Mama Clemens, jirani wa nyumba ya tatu, akaziba mdomo kwa kanga.

"Toka lini," mama aliuliza, na sauti yake haikuwa kubwa, "toka lini mtoto wa Muze, mla kambale, akajua ulezi?"

Wakacheka. Na kweli ni maneno ya kuchekesha, mradi si wewe unayechekwa. Mama Clemens akaongeza, "Mwache, labda kimenuka samaki, kakumbuka kwao!" Wakacheka tena. Wote walikuwa wamesimama mbali na ungo, wala hakuna aliyeinama kunusa. Wangeinamaje, wakati Mama Margareth ameshasema?

Jioni ile Anjela alimfuata mumewe. "Mama hanusi. Kimea kimeoza na hajui. Nakuomba, tununue kingine."

"Kwa hiyo mimi niende nikamwambie mama yangu pua imekufa? Wiki ya harusi ya mtoto wake?" Valerian alitikisa kichwa. "Wewe pika, Anjela. Pika, nyamaza."

Akapika, na akanyamaza.

Siku ya harusi watu walitoka kanisani kwa vigelegele, wakajaa uani. Wakwe wakakalishwa kwenye kivuli, na mkubwa wao, Mzee Teodori, akapewa kibuyu cha kwanza. Alikunywa funda moja. Hakulimeza. Alilishikilia mdomoni, mashavu yamevimba, macho yanatafuta mahali. Akainuka kwa adabu, akaenda nyuma ya nyumba, wote wakamsikia akitema. Akarudi, akakaa, akajifuta.

"Wakwe zetu," alisema, "sisi tumekuja kuoa. Hatukuja kuzikwa."

Hakuna aliyecheka. Mama Margareth alikichukua kibuyu kile, akakileta puani, akakishusha. Mama Clemens akamnyang'anya, akanusa, akageuza uso. "Mungu wangu, imevunda!"

Hapo Anjela alimwona mama mkwe wake akifikiri. Si kwa muda mrefu. Muda wa kumeza mate tu.

"Ni huyu," alisema, akanyoosha kidole. "Nilimwachia kimea akianike. Nilijua tu. Huyu aliyethubutu kunishika mkono, ni nini kingine atashindwa? Anataka mtungi wangu, ndiyo maana."

Watu wote wakamgeukia Anjela. Yeye akamtafuta Valerian. Valerian alikuwa amesimama karibu na turubai, anatazama viatu vyake vipya.

Angeweza kusema. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini akiyasema, atakuwa anamvua nguo mama wa bibi harusi mbele ya wakwe, na Fortunata amekaa pale na shela lake, mikono imeshikana mapajani. Fortunata hakuwahi kumtendea ubaya. Anjela akainamisha kichwa. Na mtu akiinamisha kichwa mbele ya watu, watu wanajua wamepata jibu.

Yakaletwa makreti ya soda na bia kutoka mjini, harusi ikaendelea. Huko Mwazye mpaka leo wanaiita harusi ya soda.

Baada ya hapo Anjela alizuiwa kugusa mtungi, ungo, hata kinu. Kwenye jumuiya wakipika, yeye anapewa kuosha vyombo, na kuna aliyeviosha tena baada yake. Bombani wakimwona wanabadilisha maneno. Valerian naye akawa anakula bila kuongea, anageukia ukutani, kama mtu aliyekosewa. Anjela alipojaribu kumweleza alisema tu, "Yatapita." Anjela akaamini kwamba mumewe hakumwamini hata jioni ile alipomwambia mama hanusi. Hilo ndilo lililomuuma kuliko bombani, kuliko jumuiya. Wengine wote wangeweza kufikiri wanavyotaka, mradi yeye mmoja angejua.

Mama Margareth alizidi kuziba. Ikafika matone hayafanyi kitu, kichwa kinagonga, anapumua kwa mdomo mchana kweupe, midomo imepasuka. Aliyempeleka hospitali ni Anjela, maana wengine walikuwa na kazi. Daktari alikuwa kijana mpole. Alianza kwa kumpima presha, akaitazama namba, akampima tena.

"Bibi, hii dawa ya pua umetumia muda gani?"

"Siku chache tu."

Daktari alimtazama Anjela. Anjela alitazama ukuta.

"Tangu mwezi wa sita," mama alisema.

Daktari aliweka kalamu chini. Alieleza kwamba ndani ya pua kuna mishipa midogo. Mtu akiwa na mafua inavimba, ndiyo pua inaziba. Dawa ile inaibana, njia inafunguka. Lakini ukiibana kila siku, dawa ikiisha nguvu mishipa inavimba kuliko mwanzo, nawe unaongeza dawa, nayo inaongeza kuvimba. "Mafua yako yalipona zamani, bibi. Unatibu ugonjwa unaotengenezwa na dawa yenyewe. Na kwa presha hii hukutakiwa kuigusa." Akamwambia aache tundu moja kwanza, likishafunguka aache na la pili. Asafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Akampa dawa nyingine ya kupuliza, isiyofungua pua papo hapo bali inayoponya polepole. Siku za mwanzo, alisema, zitakuwa za mateso. Avumilie, asirudi nyuma. Na arudi kwa ajili ya presha.

"Na harufu?" Mama Margareth aliuliza kwa sauti ndogo ambayo Anjela hakuwahi kuisikia.

"Inaweza kurudi. Si kwa siku moja."

Anjela ndiye aliyechemsha yale maji. Ndiye aliyemwinulia mito, aliyemkumbusha kupuliza, aliyetukanwa usiku kwa kukataa kumpa kichupa. Valerian alimwonea mama yake huruma akaleta kimoja kwa siri. Anjela akakiona, akakitumbukiza chooni, na akatukanwa na wote wawili. Lakini pua ikafunguka, tundu moja, kisha la pili. Mvua za kwanza zilipopiga, Mama Margareth alisimama mlangoni akasema, "Udongo," machozi yakamtoka.

Hakumshukuru mtu. Wageni walipokuja kumpa pole alisema, "Na ile pombe ya harusi, basi tu. Mkwe alikiharibu kimea nikiwa mgonjwa."

Kisha Mama Clemens akaagiza pombe ya ubatizo wa mjukuu wake. Ilikuwa kazi ya kwanza tangu aibu ile. Kimea kilianikwa kwenye jua zuri, kikakauka. Asubuhi ya kunusa, kabla ya wanawake kufika, Mama Margareth alimwita Anjela nyuma ya nyumba. Ungo ulikuwa kwenye kigoda.

"Mama Jenifa, mwanangu. Njoo. Nusa."

"Si ulisema nisiguse?"

"Hujaambiwa uguse. Umeambiwa unuse."

"Pua si imerudi, mama?"

"Imerudi. Nasikia moshi, nasikia sabuni, nasikia mpaka beberu wa jirani. Lakini hapa..." Aliutazama ungo kama unaweza kumng'ata. "Hapa sijui kama nanusa au nakumbuka."

Anjela hakuinama. "Kile cha harusi, ulikinusa?"

Mama akasema, "Sikukinusa. Na nilijua sikinusi."

"Ukasema ni mimi."

"Ningesema nini? Mimi sina shamba kubwa, sina mume, nina pua. Wakijua imekufa, nani ataniita tena? Wewe bado kijana. Jina lako litaota tena, kama nywele."

"Basi mwambie mwanao. Sitaki bombani wajue, sitaki jumuiya. Mwambie Valerian peke yake. Miezi yote hii ananigeuzia mgongo, mama. Mwambie tu yeye."

Mama Margareth alitazama pembeni, akakunja kitenge chake, akakikunjua.

"Valerian anajua."

"Anajua tangu lini?"

"Siku ile ile ya harusi. Nilimwita chumbani, nikataka nitoke niseme ukweli, maana Mungu yupo. Yeye ndiye aliyenizuia. Alisema tukuachie wewe. Alisema, Anjela ni mvumilivu, atabeba."

Basi. Anjela alisimama pale. Kumbe mgongo ule ulioelekea ukutani haukuwa wa mtu aliyekosewa. Ulikuwa wa mtu mwenye aibu ya kumtazama. Upepo ulivuma kidogo, ukampitishia harufu ya kimea bila yeye kuinama: tamu, kavu, kama mkate unaoanza kuiva, haina doa lolote. Tangu aletwe nyumba ile hakuwahi kunusa kimea kizuri namna hiyo. Neno lilikuja lenyewe moyoni. Twende.

"Sema basi," mama alisema, ameshika kingo za ungo. "Wanakuja sasa hivi. Twende, au mwaga?"

"Mimi ndiye niliyeharibu pombe ya harusi, mama. Mtu kama mimi haulizwi."

"Anjela." Hakuwahi kumwita kwa jina lake. "Anjela, nakuomba."

"Wewe ndiye mwenye pua."

Mama Margareth akazamisha uso. Akautoa. Akazamisha tena, akavuta hewa mpaka mabega yakapanda. Sauti za wanawake zilikuwa zimeshafika getini, wanataniana, wanavua kandambili. Mara ya tatu alipoinua uso, unga ulikuwa umeshikamana na machozi kwenye mashavu. Akamtazama Anjela, akangoja. Anjela alikuwa anamfunga mtoto mgongoni, anakaza fundo polepole.

"Mwaga," Mama Margareth alisema, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumwaga, akamwaga mwenyewe, ungo mzima, kisha akaburuta gunia lililobaki na kulipindua kando ya shimo la taka.

Kuku wa nyumba zote za jirani wakaja mbio. Anjela alisimama akawatazama wakishindania. Alikuwa mvumilivu kweli, mumewe alisema sawa. Hakusema neno mpaka punje ya mwisho.